Golikipa Aliyekuwa Amebeba

Jumatatu moja ya sikukuu mjukuu wangu wa kike alikuja kunitembelea hapa Ruiru, akaunganisha simu yake na televisheni yangu, akaniwekea mpira wa Waamerika. Alisoma huko miaka minne. Alirudi na shahada, na alirudi pia na ugonjwa wa mchezo huo, na mpaka leo sijui ni kipi kati ya hivyo viwili kinachomshughulisha zaidi. Mimi huwa natazama kwa ajili yake tu. Namwandalia chai, naye ananieleza, na kwa kuwa nilifundisha maisha yangu yote, najua raha ya mtu anayeeleza.

Nami nikueleze kidogo, maana bila hayo hutaelewa kwa nini chai yangu ilipoa siku ile. Katika mchezo huo kuna mtu mmoja anayesimama nyuma ya wenzake. Anapewa mpira, anautazama uwanja, anamtafuta mwenzake wa kumrushia. Wakati huohuo wapinzani, watu wakubwa kama milango, wanakimbia kumwangusha kabla hajarusha. Akiwa bado ameushika wanaruhusiwa kumwangusha. Lakini akishauachilia, hapana. Kumpiga kichwani, hapana. Kumpiga magotini, hapana. Hata kumwangukia na kumlalia kwa uzito wote wa mwili, hapana. Anayekosea, refa anatupa kitambaa cha manjano chini, na timu yake inarudishwa yadi kumi na tano.

Basi jitu moja lilikuwa limetoka mbio, likamfikia yule mrushaji mpira ukiwa umetoka mkononi punde tu, likamwangukia. Kitambaa kikatupwa. Mjukuu wangu akaweka kikombe chini.

"Guka, hii ni haki kweli?" akaniuliza. "Huyu jamaa alikuwa ameshatoka mbio. Sasa alitaka aweke wapi uzito wake?"

Nilikuwa namtazama yule aliyeangushwa. Alilala kwenye nyasi kidogo, akaketi, kisha akaweka mkono wake wa kulia chini ya mbavu za kushoto, taratibu, kama mtu anayehakikisha kitu bado kiko mfukoni. Mkono huo nimewahi kuuona. Nilimwomba mjukuu wangu asimamishe picha. Nilipomweleza sababu, jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili.

Sasa nakueleza wewe.

Tulikaa mashariki ya Thika, njia ya kuelekea Gatuanyaga, kwenye shamba la mkonge. Ni katikati ya miaka ya hamsini. Tulikuwa na chumba kimoja katika laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi, na baba na mama walitoka kengele ya kwanza ilipolia. Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa na kugongwa kwa chuma. Mchana kutwa niliyekuwa naye ni cucu, mama yake baba. Harufu ya mahali pale sitaisahau. Mashine ilipokuwa inaparura majani ya mkonge, makapi yake mabichi yalirundikwa nyuma ya kiwanda yakachacha, na upepo ukatuletea harufu ya uji uliosahauliwa chunguni siku tatu. Tulipokwenda Thika mjini watu walitujua kabla hatujafungua mdomo. Lakini ukiniletea harufu hiyo leo, nitaketi chini nilie kwa furaha, kwa sababu ndani yake kuna viazi vitamu vilivyochomwa kwenye majivu, kuna nyuzi nyeupe zilizoanikwa kwenye waya mpaka macho yanakoma, na kuna sauti ya cucu akinituma maji.

Maji tuliyachota mtoni kwa madebe, na njia ya mtoni ilipita katikati ya mistari ya mkonge. Kama hujawahi kuuona mkonge kwa karibu, jua kwamba kila jani lina mwiba kwenye ncha, mweusi na mgumu kama sindano ya gunia. Njia ilikuwa nyembamba, na mtu aliyebeba debe au mzigo wa kuni mgongoni hawezi kugeuka wala kujikinga. Ukimgusa tu, mwiba unamwingia. Ndiyo maana pale shambani tulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote, na kila mtoto aliijua kabla ya kujua kuhesabu. Ukikutana na mtu aliyebeba, unatoka njiani. Unasimama pembeni, unamwacha apite, na humsalimu, maana ukimsalimu itabidi akugeukie. Watoto tulipokuwa tunakimbizana, mmoja akisema "amebeba", wote tulikuwa pembeni tayari.

Na kulikuwa na sehemu ya pili ya sheria hiyo. Ukimwangushia mtu mzigo, unauokota wewe, unaubeba wewe, mpaka pale mzigo ulipokuwa unakwenda. Hata kama wewe ndiko unakotoka. Siku moja nilimpiga kikumbo jirani aliyebeba kuni, na cucu akanifanya nizibebe mpaka laini za mwisho kabisa, watoto wote wakinitazama. Hakunipiga. Alitembea nyuma yangu tu, mikono mitupu, akizungumza na jirani habari za mvua.

Hiyo ilikuwa sheria ya cucu. Mwalimu wetu alikuwa na sheria nyingine, na hizo zilikuwa zimeandikwa.

Mwalimu alikuwa kijana mpole mwenye kaptura iliyopigwa pasi mpaka ikakata. Ndiye aliyetufundisha kusoma na ndiye aliyekuwa refa. Alikuwa na kijitabu cha sheria za mpira kisicho na jalada, na kila Ijumaa, baada ya hesabu, alitusomea ukurasa mmoja na kuutafsiri. Mpira wetu wakati huo ulikuwa wa makapi ya mkonge yaliyofungwa kwa kamba, na ukinyeshewa ulikuwa mzito kama jiwe, lakini sheria zake zilikuwa zile zile za dunia nzima, na jambo hilo lilitufanya tujione watu wakubwa.

Ukurasa tulioupenda zaidi ulimhusu golikipa. Siku hizi golikipa ni kama yai. Mguse kidogo, filimbi inalia. Zamani haikuwa hivyo. Golikipa aliyeshika mpira, miguu yake ikiwa chini, uliruhusiwa kumsukuma. Si kwa kiwiko, wala kwa mikono. Kwa bega, bega kwa bega, mkono wako ukiwa umebana ubavuni. Ukimsukuma akavuka mstari na mpira wake, ni goli. Mwalimu alitufafanulia sababu kwa uvumilivu, kama alivyofafanua kila kitu. Bila sheria hiyo, alisema, golikipa atakumbatia mpira mpaka jua litue, na wenzake ishirini na mmoja watakuwa wamekuja uwanjani kumtazama amekumbatia. Tulimwelewa. Tulitundika gunia la makapi kwenye mti tukawa tunalisukuma kwa mabega jioni kwa jioni, na hakuna aliyelisukuma kama mimi.

Kisha tukaambiwa watoto wa shamba moja la kahawa kule Ruiru watakuja kucheza nasi.

Leo kutoka Thika hadi Ruiru ni safari ambayo hata huiiti safari. Lakini hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Mtu hakutoka shamba moja kwenda jingine bila pasi, ile karatasi ya ruhusa, na ilipofika jioni kila mtu alitakiwa awe kwao, amehesabiwa. Watoto hao walipewa pasi moja ya wote, lori moja, na askari mmoja wa kuwahesabu wakipanda na wakishuka. Saa kumi na moja kamili lori lilipaswa kuondoka. Mhindi mmoja mwenye duka la viatu Thika aliposikia habari hizo akatoa zawadi, mpira wa ngozi, wa kweli. Wiki nzima, kwa pasi aliyotuombea mwalimu, tulikuwa tunakwenda kuutazama dirishani. Siku moja alitoka nao dukani, akatukalisha barazani, akatuonyesha jinsi ya kuupaka mafuta ya ng'ombe ili usipasuke, kana kwamba tumeshashinda. Ulinuka kama viatu vya sikukuu.

Mwalimu akaongeza kanuni yake mwenyewe. Tutaucheza huohuo mpira wa ngozi, na tukitoka sare wageni watauchukua, kwa sababu wao ndio waliosafiri. Hatukupenda, ila hatukuweza kusema si haki.

Asubuhi ya siku yenyewe kazi yangu ilikuwa milingoti ya magoli. Tuliitengeneza kwa zile fimbo ndefu ambazo mkonge huzitoa ukizeeka, zenye maua juu. Zikikauka ni nyepesi sana, upepo unaziangusha, kwa hivyo huchimbwa shimo na kujazwa mawe. Mwalimu alituagiza tuyafukie mawe yote, tusawazishe na udongo. Goli la kwanza nililisawazisha vizuri. La pili, lori lilionekana likija na vumbi lake, nami nikayarundika tu mawe kwenye shina la mlingoti nikakimbia kulilaki. Nikumbushe hilo baadaye. Ni jambo ambalo nilikaa miaka mingi bila kumwambia mtu.

Golikipa wao alikuwa mdogo kuliko mimi. Alivaa sweta ya kijivu ambayo mikono yake ilifika vidoleni, akaikunja mara tatu. Jina lake silijui. Wenzake walimwita Golikipa tu, kama vile sisi tulivyomwita mwenzetu. Lakini mtoto yule alikuwa na mikono. Tulipiga chini, akalala. Tulipiga juu, akaruka, sweta ikimpanda mpaka kitovu kikaonekana, na watu wetu wenyewe wakaanza kumpigia makofi. Kipindi cha pili kilikaribia kwisha bila bila, na kwa mbali dereva akawasha lori.

Mpira wa mwisho aliudaka kifuani. Aliukumbatia kwa mikono yote miwili, akasimama wima kwenye mstari wake, karibu na mlingoti, akageuza uso kulitazama lori. Nadhani alijua kwamba mpira ule ulikuwa tayari wao. Sekunde chache tu, filimbi ingelia, wangepanda nao, na angekaa nao magotini mpaka Ruiru. Hakuniona nikija.

Nilimgonga kama nilivyofundishwa. Mkono umebana ubavuni, kiwiko ndani, bega kwa bega. Mwalimu hakuwa na kosa la kuliona kwa sababu halikuwepo. Pumzi ilimtoka kwa sauti moja fupi, akaenda kinyumenyume, akaanguka kwa ubavu juu ya mawe yangu, mpira bado mikononi mwake. Wote wawili walikuwa wamevuka mstari. Filimbi ikalia. Goli.

Wenzangu walininyanyua juu. Nilipowekwa chini nilimwendea kumpa mkono, maana hilo nalo tulifundishwa. Alikuwa ameketi. Mkono wa kulia ulikuwa chini ya mbavu za kushoto. Alinitazama bila hasira yoyote, akaniambia kama mtu anayekutajia saa.

"Ulinigonga nikiwa nimebeba."

Kumbe hata kwao walikuwa na sheria hiyo. Kwenye mistari ya kahawa nako watu hubeba madebe.

Alinyanyuka mwenyewe, akaenda kwenye lori mwenyewe, akahesabiwa. Lori lilipogeuka, watoto wote walikuwa wamesimama wameshika mbao za ubavuni, wakipunga mikono. Niliwatazama mmoja mmoja mpaka vumbi likawafunika. Wote walikuwa wamesimama, na sweta ya kijivu sikuiona.

Tuliuleta mpira kwenye laini kwa nyimbo. Cucu alikuwa anachambua njahi, zile kunde nyeusi, mlangoni, ungo magotini. Aliuliza tulivyoupata, nikamweleza yote kwa fahari, na nilipofika pale mwisho vidole vyake vikasimama. Akataka nimrudilie. Nikamrudilia, nikaongeza habari za kijitabu, na bega, na kiwiko, na jinsi mwalimu alivyopiga filimbi. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa kusikiliza.

"Mimi sikuulizi habari ya mpira," akasema. "Nakuuliza, alikuwa amebeba ama hakuwa amebeba?"

"Alikuwa amebeba, Cucu."

"Basi mpelekee."

Nikamweleza kuhusu pasi, kana kwamba hakuijua. Akarudia kuchambua njahi. Akasema hakuniambia niupeleke leo.

Maneno yale yalitoka mlangoni kwetu yakazunguka laini zote. Wanawake waliokuwa wakibeba maji kila siku walikuwa upande wa cucu. Wanaume wengi walikuwa upande wa mwalimu, wakasema mchezo ni mchezo na njia ni njia. Mtoni, kwenye mizani, kwenye foleni ya posho, watu wazima walikuwa wanaonyeshana mabega. Mwalimu, aliyekuwa mtu wa haki, hakukasirika kusikia kijitabu chake kinapingwa. Alisema tufanye mdahalo darasani Ijumaa, hoja ikiwa je, ni haki golikipa kusukumwa akiwa ameshika mpira? Mimi nikapewa kuitetea sheria. Upande wa pili akapewa msichana aliyeketi dawati la mbele, mwenye sauti ndogo na akili kubwa.

Alianza yeye. Alisema golikipa ni mchezaji pekee ambaye mikono yake yote miwili ina kazi, na aliyemjia mikono yake ni mitupu. Alisema mtu asiyeweza kujikinga hapambani nawe, anakungoja tu.

Nikasimama mimi. Nilisema mtu wa njiani amelazimika kubeba, kwa sababu nyumbani wanangoja maji. Golikipa hakulazimishwa. Angeweza kuupiga mpira mbele, angeweza kuutupa, alichagua kuukumbatia ili muda uishe. Nilisema sheria inayomlinda mmoja na kumfunga mwingine mikono si sheria, ni upendeleo. Nilisema nilikuwa nimeshatoka mbio. Ndiyo, rafiki yangu, maneno yaleyale ya mjukuu wangu. Walipiga makofi. Mikono ikahesabiwa, nikashinda, na mwalimu akaniambia nitafaa kuwa mwalimu.

Nilikuwa nimeshinda mara mbili, uwanjani na darasani, na hoja zangu bado nazitazama nazikuta nzima. Ila sikusema habari za mawe. Hakuna aliyeniuliza. Jioni ile nilikwenda peke yangu uwanjani. Mawe yalikuwa palepale, yamerundikana kama nilivyoyaacha. Niliyatoa yote, nikachimba, nikayafukia, nikasawazisha udongo kwa viganja mpaka pakawa laini.

Kuanzia siku hiyo mpira ule ukawa na sauti. Tulipoupuliza hewa na kuchomoa pampu, ulitoa pumzi moja fupi, na mimi nikageuka. Wenzangu walidhani naogopa utapasuka. Nilianza kucheza nyuma, kisha nikaanza kukosa kuja. Kila tulipovuna njahi, cucu aliniuliza mara moja tu, bila kuinua macho, kama nimepeleka. Nilimjibu bado. Alisema, "Haya."

Miaka ikapita, masharti yakalegea, watu wakaanza kusafiri tena. Mpira nao ulizeeka. Ngozi ilipasuka mshono, na mwalimu, akinikabidhi cheti changu cha mwisho, akanipa na mpira, kwa sababu mimi ndiye niliyefunga lile goli. Niliupeleka kwa yule Mhindi wa viatu, akaushona upya kwa uzi wa nta na akakataa malipo. Niliutia kwenye kiondo cha cucu, kile kikapu chake cha kusuka. Asubuhi yake nikapanda gari la moshi la Thika, daraja la tatu, nikashuka Ruiru.

Shamba nililipata kwa kuuliza. Watu sikuwapata. Laini zilikuwa tupu, milango imeng'olewa, nyasi zimeota mahali pa kuotea moto. Familia nyingi zilikuwa zimehamishwa kwenda vijiji vipya, nyingine zimerudishwa riziavu, yale maeneo Waafrika waliyotengewa na serikali. Uwanja wao ulikuwa umepandwa miche ya kahawa. Mtu niliyemkuta ni mama mmoja mzee akichuma kahawa, debe kiunoni. Nilisimama pembeni mpaka alipoliweka chini, ndipo nikamsalimu. Nadhani hilo ndilo lililomfanya anisikilize.

Nilimwambia namtafuta golikipa. Jina lake silijui.

Akaniuliza ni golikipa yupi, maana shule yao ilikuwa na wawili, waliopokezana. Mmoja alihama na mama yake kwenda riziavu, kijana mzima, mwenye nguvu, alimwona mwenyewe akipakia vyombo. Wa pili aliugua kifua. Alikohoa msimu mzima wa kuchuma, akazikwa mvua zilipoanza.

Nikamwambia huyu ninayemtafuta alikuwa na sweta ya kijivu.

Yule mama akanitazama kwa huruma, akaketi juu ya debe lake. Sweta ile, akasema, ilikuwa ya shule. Ilikuwa moja. Anayelinda goli siku hiyo ndiye anayeivaa.

Nilimwomba aupokee mpira. Akaushika, akaugeuza, akagusa ule mshono mpya kwa kidole gumba, kisha akaurudisha kiondoni kwa mikono yake mwenyewe.

"Sijui ni wa nani kati ya hao wawili, mwanangu," akasema. "Nikiupokea nitampelekea nani?"

Hayo ndiyo niliyomweleza mjukuu wangu, picha ikiwa imesimama ukutani, yule Mwamerika bado ameshika mbavu zake. Aliitazama picha ile tena. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama sheria ile ya kitambaa cha manjano basi ni sawa ama si sawa. Nilimjibu kama mwalimu, maana sijui kujibu vingine. Nilimwambia hoja zake ni nzuri, aliyetoka mbio kweli hana mahali pa kuweka uzito wake, na mimi niliwahi kuitetea hoja hiyo na kushinda. Nilimwambia pia kwamba ninapoona kile kitambaa kinatupwa, moyo wangu unatulia kidogo, na kwamba mambo hayo mawili yamekaa ndani yangu miaka yote hii na hayajawahi kusikizana. Nikamhimiza aendelee kubishana. Anayebishana bado anatazama.

Mkonge ule umeng'olewa sehemu kubwa, na harufu yake imekwenda nao. Kipande cha reli hakilii tena. Cucu amelala, mwalimu amelala, na yule msichana wa dawati la mbele nilimzika mwaka juzi, baada ya kuishi naye nyumba moja miaka hamsini na kidogo. Hakuwahi kukubali kwamba nilimshinda. Huku Gatongora, upande huu wa Ruiru ninaokaa, palipokuwa na kahawa leo kuna maploti na maduka, na watu wanapita na mizigo yao, hakuna anayempisha mwingine. Watoto wangu wanadhani nilinunua hapa Ruiru kwa sababu ya bei. Sijawaambia kwamba kanisani, na kwenye foleni ya benki, bado nawatazama wazee wa rika langu, na mzee akiweka mkono chini ya mbavu za kushoto natafuta namna ya kusogea karibu nimsikie sauti.

Mpira uko kabatini. Mjukuu wangu aliomba kuuona, akaupokea kwa mikono miwili.

Lakini nilikuwa bado sijakumalizia siku ile ya Ruiru. Nilirudi Thika kwa gari la moshi la alasiri, nikatembea kutoka mjini, nikashika ile njia nyembamba ya mkonge. Mbele yangu nikamwona cucu. Alikuwa amekuja kunilaki, mikono mitupu, amefunga kitambaa chake cha kanisani. Alinitazama usoni, kisha akakitazama kiondo, akaona kilivyojaa na kinavyoning'inia mgongoni. Nilifungua mdomo nimweleze.

Hakunisalimu. Bibi kizee yule, mbele ya mtoto, alikusanya nguo zake zisishikwe na miiba, akatoka njiani, akasimama pembeni, akanipisha.

Nami nikapita.